Miezi minne na kidude cha throto kwenye STI hapa Mwanza, niliyoyaona ndo haya

Wakuu habari za jumapili. Kuna watu niliwaahidi kwamba nikikaa na hiki kidude cha kuchangamsha pedali ya mafuta vya kutosha ntakuja kusema ukweli wake, sasa miezi minne imepita, mjini nimetembea nacho, Musoma nimeenda nacho, Sengerema nimeenda mara mbili, mvua za Mwanza zimeninyeshea nikiwa nacho, kwahiyo nadhani naweza kuongea bila ule ushabiki wa mtu aliyefungua boksi jana. Jina la kampuni silitaji, kwanza hivi vidude viko vya kila rangi na vingi ukivifungua ndani ni ndugu wa baba mmoja, pili kuna sehemu ntalalamika na sitaki kesi na mtu.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ile hachibeki, bodi ya GRB, gia sita za mkono, injini EJ207 lita 2 yenye turbo, karatasi za Japani zinasema farasi 308. Niliichukua Dar kwa jamaa mmoja mstaarabu sana, nikaizungusha Dar kama wiki mbili, gari safi, ukikanyaga inaitika. Nikapiga nayo safari mpaka Mwanza. Sasa nimefika huku, wiki ya kwanza ya pili, naanza kuona gari imepooza. Yani natoka taa za pale mjini naachia klachi, nagusa mafuta, kuna kajisekunde gari inafikiria kwanza, afu ndo inakuja. Haisi iliyojaa abiria mpaka mlangoni inanitangulia mimi na STI. Aibu.

Hapa kuna kitu wengi hatukihesabu tukihamisha gari. Dar iko baharini, Ziwa Victoria lenyewe uso wa maji uko kama mita 1,134 juu ya bahari, na Mwanza inaanzia hapo kwenda juu kwenye milima ya mawe. Hewa ya huku ni nyepesi, presha iko chini kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na Dar. Gari isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho na hakuna cha kufanya, ya turbo inajitetea kwasababu turbo inaongeza msukumo wa hewa kwenye injini, ila mpaka turbo iamke, na ikiwa haijaamka we unaendesha lita 2 ya kawaida kwenye hewa ya mlimani. Kwahiyo kupooza kwa kiasi flani ni halali yake. Hili nililijua baadae, wakati ule nilijua tu nimeuziwa gari iliyochoka.

Nikaenda kulia pale kijiweni kwetu Kirumba tunapooshea magari. Kila mtu daktari. Mmoja plagi, mwingine pampu ya wese, mwingine kanambia niuze ninunue Crown nitulie. Jamaa mmoja ana Golf GTI ndo akanambia, "Mkuu hizo gari za pedali ya umeme zote ndo zilivyo, weka kontrola ya throto utakuja kunishukuru." Akanipa ufunguo nizunguke na yake mpaka Pasiansi na kurudi. Aisee. Ile gari ukiiwekea kidole gumba tu cha mguu inaruka kama mbuzi. Usiku uleule nikatuma hela Kariakoo.

Laki mbili na themanini, elfu kumi ya kutumiwa kwa basi, siku ya pili asubuhi niko Nyegezi stendi naupokea mzigo. Boksi dogo kama la simu: kidude chenyewe chenye skrini ndogo, waya una soketi mbili kichwani, gundi ya kubandika na karatasi ya maelekezo ya kichina iliyotafsiriwa na mtu mwenye haraka.

Niwaelezee kinachofanyika maana nimegundua tunanunua hivi vitu hatujui tunanunua nini. Magari ya zamani akseleta ilikuwa waya wa chuma, ukikanyaga unavuta lile bamba la kwenye throto, mlango wa hewa ya injini, moja kwa moja, mguu wako ndo unafungua hewa. Magari ya siku hizi waya haupo. Pedali ina sensa mbili ndani yake zinazotoa volteji, zinapanda pamoja kwa uwiano uliopangwa, kontroli boksi, yani kompyuta ya injini, inasoma zote mbili inazilinganisha, zikitofautiana inajua kuna uongo inakata nguvu. Afu kontroli boksi inajiuliza huyu dereva anataka nguvu kiasi gani, inaangalia na mizunguko ya injini, gia, joto, ndipo inaamuru mota ndogo kwenye throto ifungue bamba kiasi inachoona kinafaa. Umeona hapo? Mguu wako hauamuru kitu. Mguu wako unapeleka maombi. Na kiwandani wanayafanya hayo maombi yajibiwe taratibu makusudi, kwa ajili ya moshi, kwa ajili ya mafuta, klachi na geaboksi visipigwe kofi kila saa, na bibi wa Osaka anaeenda sokoni asirushwe.

Kidude hiki kinakaa katikati ya pedali na kontroli boksi. Kinasoma zile volteji mbili, kinazidanganya zote mbili kwa uwiano uleule ili kontroli boksi isishtuke. We umekanyaga robo, chenyewe kinasema nusu. Basi, kazi imeisha, hakuna kingine. Ukikanyaga mpaka chini ulikuwa unapata mia na bado utapata mia, hakuna mia na ishirini. Atakaekwambia kimeongeza farasi muulize wametokea wapi hao farasi, maana hakigusi wese, hakigusi turbo, hakigusi chochote cha kwenye injini.

Kufunga ni rahisi, ni kuinama tu chini ya usukani mpaka mgongo uumie. Ila mimi nilifanya ujinga, nikachomoa soketi ya pedali wakati nimetoka kuzima gari hata dakika haijafika, kompyuta bado ziko macho, na soketi mpya sikuisukuma mpaka ilie "tak". Nikawasha, taa ya chek injini hiyo, gari haipandi mizunguko, ukikanyaga unapewa kidogo kama mgonjwa anapewa uji. Nikapima na kile kimashine cha blutuuthi cha kuchomeka chini, kodi ya kosa P2138, maana yake sensa mbili za pedali hazikubaliani. Nikazima, nikatoka nje na ufunguo, nikanywa chai nzima, nikarudi nikasukuma soketi mpaka ikalia, nikafuta kodi, haijarudi tena mpaka leo. Kwahiyo kabla hujagusa ile soketi zima gari, toa ufunguo mbali, subiri kama robo saa. Ile karatasi ya maelekezo hili limeandikwa mwisho kabisa, baada ya dhamana.

Sasa kipimo. Sikutaka kuishi kwa hisia, kwasababu ukishatoa laki tatu kasoro hisia zote zinakuwa nzuri. Nikafungua apu kwenye simu inayosoma pedali kwa asilimia, swichi on bila kuwasha injini, nikaweka kiberiti kimesimama chini ya pedali ili mguu uwe unagota sehemu ileile kila mara. Kiberiti kikapondeka mara ya kwanza tu. Nikaomba kipande cha mbao kwa fundi seremala jirani, akaniuliza cha nini, nikamwambia cha kupimia Subaru, akanitazama akanipa bila kuongea. Na mbao ikagota vizuri. Kidude kikiwa kimezimwa, mguu juu ya mbao, apu inasoma 24. Nikaweka Sporti namba 3, inasoma 33. Sporti namba 5, 41. Ile wanaiita Resi namba 9, mguu uleule mbao ileile, 68. Nikaenda Eko, ikashuka 17. Halafu nikatoa mbao nikakanyaga mpaka kapeti kwenye kila modi, zote zinasoma namba moja. Nilikaa pale mlangoni mguu mmoja nje nacheka peke yangu, maana ndo nimeona kwa macho nilichonunua, nimenunua mguu mzito wa kukodi.

Nikafanya na kipimo cha barabarani pia, kule mbele ya Kisesa njia ikiwa nyeupe, gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 mpaka 5,500, mafuta mpaka chini, mara tatu kidude kimewashwa mara tatu kimezimwa, mdogo wangu pembeni ameshika saa. Hatukuona tofauti. Ingekuwepo tungeiona kwasababu mdogo wangu alikuwa anaitafuta kwa nguvu zote, yeye ndo aliyeshabikia ninunue.

Sasa msiniambie basi ni utapeli. Sio utapeli. Kitu kinachokera kwenye gari ya hivi sio ule mwisho wa pedali, nani kwenye foleni ya Buzuruga anafika mwisho wa pedali. Kinachokera ni ile robo ya kwanza, ambako ndo unaishi siku nzima, na hapo kidude kinafanya kazi yake kweli. Namba 2 mpaka 3 gari inakuwa na adabu mpya, unaachia klachi kwenye mlima wa Bugando gari inashika bila kuzama, ukishusha gia unagusa mafuta kwa ubavu wa mguu huku breki umeshika, mizunguko inapanda pale pale gia inaingia kama siagi. Zamani nilikuwa nakanyaga sana kupata ule mruko mdogo, ikawa mara nyingi inachelewa gia inaingia kwa kugonga. Kwa gari ya gia za mkono mi naona hiki ndo kitu kikubwa kuliko vyote na hakuna anaekitangaza, wote wanatangaza "nguvu".

Kuanzia namba 5 kupanda, kwa Mwanza, hapana. Nilikaa nayo siku tatu. Barabara zetu zikiwa na viraka, mguu wenyewe unacheza juu ya pedali kwa mtikisiko, na kila mguu ukicheza gari inasikia, inaruka, mguu unacheza tena, mnakuwa kama mnagombana. Kwenye matuta ya Mkuyuni bajaji mbele bajaji nyuma unaendesha kwa kushtuka shtuka, abiria wako wanatikisa vichwa kama kuku. Mvua ikinyesha ndo usiseme.

Na hapo hapo ndo ikatokea ya mama watoto. Nilisafiri siku mbili nikamwachia gari, nikasahau kurudisha namba. Nyumbani kwetu ni huku mlimani, geti limepakana na jiwe kubwa, si unajua Mwanza tunajenga kwa kuomba ruhusa kwa mawe. Akaingiza rivasi, akagusa mafuta kama anavyogusa siku zote, gari ikaenda nyuma kama imeitwa. Alishika breki, ikabaki kama shubiri moja kufika kwenye jiwe. Akanipigia simu, hakusalimia. "Baba Nanihii, umeifanya nini hii gari?" Nikajitetea kwamba ni setingi tu. "Setingi yako njoo uiendeshe wewe, mimi kesho napanda haisi." Alipanda haisi wiki nzima. Kwahiyo kama gari mnaendesha wawili, ongeeni kwanza, au tafuta kidude kinachojirudisha kawaida ukizima gari. Cha kwangu hakijirudishi, kinakumbuka ulichoacha, na hilo kwangu ni kasoro.

Kasoro ya pili ni ile kitu wanaita loku. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja kidude kinafunga pedali, gari inawaka ila ukikanyaga mafuta hakuna kitu, eti mwizi asiondoke nayo. Wazo zuri. Sasa tuko foleni ya kivuko cha Kamanga asubuhi, mwanangu wa miaka sita kakaa mbele anachezea skrini, mi naongea na muuza karanga. Zamu yetu imefika, jamaa wa kivuko ananipungia niingie, nawasha, nakanyaga, kimya. Nakanyaga tena, injini inasema "mmmm" ya sailensa tu, ile mizunguko ya chini bila mafuta. Nyuma yangu kuna Fuso ya ndizi na pikipiki kama kumi na tano, honi zikaanza, mtu mmoja akapaza sauti "Subaru ya rimu za dhahabu haina wese!" Nikaingiza gia ya kwanza nikaachia klachi taratibu taratibu, injini ikajivuta kwa sailensa yake yenyewe, nikapanda lile bamba la kivuko kwa mwendo wa kobe huku jasho linanitoka. Nilikuja kufungua loku tukiwa katikati ya maji, nasoma karatasi ya kichina. Mtoto hajui alichofanya mpaka leo, anajua tu baba alikuwa ananong'ona maneno.

Lakini stori yenyewe kubwa ni hii. Mwezi wa pili nikapeleka gari sevisi kwa mzee mmoja fundi huku Nyakato, mzee wa makamo, magari ya Subaru ameanza kuyafungua kabla sijamaliza darasa la saba. Nikamsalimia "Mwadila mzee wangu", akaitikia, akaona kale kaskrini akauliza kazi yake. Nikamweleza vizuri kabisa. Akasikiliza, akanambia, "Kizime hicho kijana, afu washa gari." Nikazima. Akafungua boneti, akanambia nikae ndani niwe napandisha mizunguko, akaweka sikio karibu na intakula, ile ya kupoza hewa ya turbo iliyolala juu ya injini, akafunga macho. Akaomba maji ya sabuni kwenye chupa ya Fanta, akanyunyiza kwenye maungio ya paipu. Mapovu. Klempu ya paipu ya kutoka turbo kwenda intakula imelegea, hewa inatoka kama mtu anapuliza chai. Turbo inafanya kazi ya kuijaza injini na kuijaza Nyakato.

Akabadilisha klempu, shilingi elfu tano na ufundi wake. Akafungua na throto bodi, pembeni ya lile bamba kuna ukoko mweusi wa moshi wa mafuta mzito kama masizi ya chungu, akasafisha kwa spirei na kitambaa laini, hakulisukuma lile bamba kwa nguvu, akanambia vijana wanalilazimisha kwa bisibisi wanaua gia ndogo za ile mota. Alipomaliza akawasha akanizuia nisiguse mafuta kabisa, tukaiacha sailensa mpaka ikapata joto na feni ikawaka, eti kontroli boksi ijifunze upya bamba linafungia wapi. Nikaizungusha mpaka Igoma kidude kikiwa kimezimwa.

Gari imerudi. Sio yote, hewa ya Mwanza bado ni ya Mwanza, ila ile kajisekunde ka kufikiria kamepungua karibu kote. Nilivyorudi mzee akaniuliza kile kidude ni shilingi ngapi. Nikamdanganya, nikasema laki moja. Akasema "mmh" akaendelea kunawa mikono.

Na hapo ndo najilaumu, kwasababu kidude kilinifichia ugonjwa. Gari ilikuwa inavuja hewa, mimi badala ya kuona nakanyaga sana kuliko zamani, kidude kilikuwa kinakanyaga kwa niaba yangu, naona gari nyepesi, kumbe bamba linafunguka zaidi kupata kilekile. Ningekaa hivo mwaka turbo inazunguka kupita kiasi kufidia.

Jingine la aibu, kwa wenye STI na Legacy zenye ile swichi ya kuzungusha ya SI-Drive pembeni ya gia. Unajua ile inafanya nini? I, S na S#. Pamoja na mengine inabadilisha hesabu ya mguu wako, kwenye kontroli boksi zimo ramani tatu tofauti za pedali, kiwanda chenyewe kimeziweka, bure. S# ndo kali. Kwanini basi sikuitumia? Kwasababu ukizima gari ikiwa S#, ukiwasha inarudi S, na mimi ni mvivu wa kuzungusha kila mara. Nilitoa laki mbili na tisini kukwepa kuzungusha swichi. Niliweka ile mbao tena siku moja injini inawaka, nikabadilisha I, S, S#, apu haikubadilika namba ya pedali hata kidogo, ila namba ya throto na sauti ya injini vilibadilika. Ndo tofauti yenyewe hiyo: kiwanda hakidanganyi kuhusu mguu, kinabadilisha jibu. Kidude kinabadilisha swali.

Na kutuni kwenyewe kwa laptopu, yani kupanga upya hesabu za kontroli boksi, ndo kunaenda huko kwenye jibu. Kwenye Subaru hizi mtuni anaingia kwenye jedwali linalosema mguu kiasi hiki na mizunguko kiasi hiki dereva anaomba nguvu kiasi gani, na jedwali jingine la nguvu kiasi hiki bamba lifunguke kiasi gani, anapanga upya robo ile ya kwanza iwe nyepesi bila kuifanya ya wazimu, na wakati huohuo anaweza kugusa presha ya turbo, mafuta na muda wa plagi kulingana na hewa ya hapa. Huko ndo farasi wanakopatikana, na huko ndo injini zinakokufa mtu akikosea, EJ haina utani kwenye pistoni. Mimi bado nakusanya hela na bado natafuta mkono wa kuuamini, sitaki mtu anaekuja na faili alilopakua la gari ya Ulaya.

Kuna walioniuliza kuhusu mafuta. Jibu la kweli: kidude hakili mafuta, mimi ndo nakula. Wiki mbili za kwanza tanki liliisha mapema vibaya kwasababu kila taa nilikuwa naonja. Sasa hivi matumizi yamerudi kulekule. Eko nimeijaribu kwenye foleni, inafanya pedali iwe nzito kama unakanyaga godoro, ukiwa mvumilivu inakusaidia mguu usitetemeke kwenye matuta, mama watoto ndo modi aliyoikubali, nimemwandikia kwenye kikaratasi nikabandika.

Na walioniuliza kama gari inaweza kukimbia yenyewe, hofu hiyo naielewa tangu yale ya Toyota kule Marekani 2009 na 2010, NASA wakaitwa kuchunguza umeme wa throto na 2011 wakasema hawakukuta hitilafu ya umeme ya kueleza zile ajali. Mfumo wenyewe una ulinzi, sensa mbili pedali, sensa mbili throto, springi ya kulirudisha bamba. Ila we ukiweka kitu cha kichina katikati ya huo ulinzi basi ubora wa soketi zake na waya zake umekuwa sehemu ya ulinzi. Kagua pini, vuta waya uone kama zimeshika, funga mbali na miguu. Cha kwangu gundi iliyeyuka mwezi wa kwanza kwa jua la mchana, kikaning'inia karibu na klachi, nimefunga kwa zipu tai.

Maksi zangu basi. Kufunga na soketi, 6 kwa 10. Kazi inayoahidiwa ya kuchangamsha pedali, 8, inafanya. Kazi inayotangazwa ya kuongeza nguvu, 0. Loku ile niwape minus. Bei, kwa nilichokuja kujua, ningeanza na klempu ya elfu tano, filta ya hewa na kusafisha throto, ndipo nikae wiki mbili nione kama bado nakihitaji. Mimi bado ningekihitaji, namba 2, kwa ajili ya kushusha gia tu. Kimebaki kwenye gari.

Wiki iliyopita nilienda Sengerema, safari hii nikazungukia Usagara nipite daraja la Magufuli la Kigongo na Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Nilikuwa sijalipita na hii gari. Asubuhi, maji pande zote mbili yametulia, upepo wa ziwa baridi unapiga dirishani, namba 3, gia ya nne, gari inaimba tu chini chini hata sijaikanyaga. Nikatoka darajani na ule utamu, nikausahau mguu. Kijiji cha mbele kibao cha 50 kipo, kimesimama wima, na chini ya mwembe kuna afande na tochi.

Salamu zikaisha, leseni akaangalia, akainama dirishani akaona skrini inawaka wekundu chini ya usukani.

"Hicho kidude ni cha nini?"

"Afande, kinaongeza wepesi wa mafuta kidogo, yani ukikanyaga…"

"Kinapunguza pia?"

"Ndio afande, kuna Eko."

"Weka Eko," akasema, huku anaandika elfu thelathini ya serikali.